Milango Tisa ya Ngozini

Mmeniomba niandike ninachokijua kuhusu kazi hii, ninyi mnaobaki na viti vyetu na zile kompyuta mpya. Nimekubali kwa sababu sasa nina muda, na kwa sababu mtu aliyestahili kuandika haya hakuna aliyemwomba. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini, wala nani alipelekwa warsha Mombasa na nani akaachiwa kumwagilia maua ya ofisini. Nitaandika kuhusu milango, gambuti, Mzee Odera, na mwanamke mmoja niliyemwonea wivu kwa nusu nzima ya maisha yangu ya kazi. Msije mkasema sikuwaonya.

Nilianzia Kawangware. Nilikuwa nimepanga chumba hukohuko, kwa hiyo asubuhi ya kwanza nilikwenda kazini kwa miguu, nimevaa viatu vya kisigino na sketi niliyoshonewa kwa ajili ya siku ile. Mzee Odera, afisa wa nyanjani niliyekabidhiwa kwake, alivitazama viatu vyangu kwa muda mrefu. Kisha akaingia stoo akatoka na gambuti mbili za mpira, zote za mguu wa kushoto. Nilizivaa wiki nzima kabla sijathubutu kumwambia. Akasema alikuwa anajua, alitaka tu kuona nina mdomo au sina.

Kazi yetu ilikuwa kuhesabu. Kabla serikali au mfadhili yeyote hajachimba mtaro au kujenga choo, lazima mtu apite mlango kwa mlango aandike nani anaishi pale. Vifaa vyetu vilikuwa tepu ya kupimia iliyokatika kwenye mita ya ishirini na sita, chaki, daftari lenye jalada gumu na kipaza sauti kilichokuwa kikifanya kazi ukikipiga kofi. Mzee Odera alikuwa mfupi, haachi kofia, na chai yake ni ya rangi. Alinifundisha nisiulize watu wangapi wanaishi kwenye nyumba. Niulize wangapi watakula hapo jioni. Kuhusu kuishi, alisema, mtu ana sababu mia za kudanganya, lakini sufuria ya ugali inajulikana ukubwa wake. Alinifundisha pia nisiitishe mkutano mahali popote kabla sijajua choo kiko upande gani, na hilo nawarithisha bila maelezo.

Jambo la tatu alinifundisha kando ya kijito cha Kawangware. Tulifika kwenye mlango wenye kufuli kubwa kwa nje, nami nikaandika kwamba hakuna mtu. Mzee akalowesha kidole gumba kwa mate, akafuta nilichoandika, akabisha. Sauti ya mwanamume ikajibu kutoka ndani, nzito kwa usingizi.

"Nani?"

"Ni watu wa kuhesabu, ndugu yangu. Utatufungulia?"

"Funguo iko na mama watoto na ameenda kuuza mboga. Uliza tu, nitakujibu hapa kwa hii shimo."

Alikuwa mlinzi wa usiku. Mke wake akitoka asubuhi humfungia kwa nje, ili wapita njia wadhani chumba ni kitupu na asisumbuliwe usingizini. Yeye alikuwa amezoea kabisa. Mzee Odera alimaliza maswali yake yote mdomo ukiwa kwenye tundu la bati, kisha tukaenda zetu. "Hii Nairobi yote," akaniambia njiani, "inalindwa na watu waliofungiwa ndani mchana." Nililiandika hilo kwenye daftari langu nikalipigia mistari miwili. Kwa hiyo asije mtu akasema sikufundishwa.

Mzee Odera alistaafu, nami baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Kibera, ukingo wa mto chini ya mtaa wa Lindi, mahali wenyeji wanapaita Ngozini. Zamani palikuwa na kiwanda cha kutengeneza ngozi. Wenyewe walipofunga waling'oa mashine wakaacha kuta, mahodhi ya saruji walimokuwa wakilowekea ngozi, na banda refu la kuzianikia. Watu wanaohitaji chumba hawachagui historia. Banda liligawanywa kwa mabati likawa safu mbili za vyumba vya kupanga, uwanja ukajaa vibanda, na mto ukaendelea kupita hapo ukiwa na kila kitu isipokuwa samaki. Mvua ikinyesha harufu ya ngozi ilikuwa inapanda kutoka ardhini, ingawa kiwanda kilikuwa kimefungwa kabla baadhi ya wapangaji hawajazaliwa.

Mradi ulikuwa wa kupafufua pale: daraja la miguu, njia ya kupita kando ya mto, vyoo, vyumba vipya na karakana za mafundi ndani ya kuta za kiwanda. Yote yafanyike kwa ushirikishwaji wa jamii. Maneno hayo yalikuwa kwenye kila ukurasa wa waraka wa ofisi yetu. Jamii yenyewe haikuwa kwenye ukurasa wowote, ndiyo maana nikatumwa. Sheria ilikuwa moja, na mtoto angeielewa. Vyumba vitabomolewa kupisha njia, na kila mlango uliohesabiwa utapewa chumba palepale mtoni. Mlango ambao haukuhesabiwa hautapewa kitu.

Nilihitaji msaidizi kutoka kwa wenyeji, na hivyo ndivyo nilivyoletewa Zuhura.

Zuhura alikuwa binti wa Makina, mtaa wa hukohuko Kibera, wa familia za Wanubi ambazo babu zao walikuja na jeshi la wakoloni wakabaki. Baba yake alikuwa na vyumba vichache vya kupangisha. Zuhura aliajiriwa kwa mkataba wa muda, hana cheti chochote baada ya kidato cha nne, anavaa buibui juu ya gambuti, na anacheka kabla hujamaliza kusema. Niliambiwa nimfundishe. Nilimfundisha yote ya Mzee Odera: sufuria, choo, kufuli. Mambo yaliyonichukua miaka mitatu aliyashika kwa wiki mbili, na wiki ya tatu akaanza kuyaboresha. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza.

Nipeni nafasi niueleze huo ugonjwa, maana kwenye vitabu vya taaluma yetu haumo. Mimi nikiitisha mkutano walikuja watu kumi na wawili, na wawili kati yao walikuwa wamefuata soda. Zuhura hakuitisha mkutano. Alikwenda kwenye bomba la maji saa ambayo mitungi imepangwa foleni, akakaa juu ya mtungi wake, akamwaga majivu ya jiko chini, akaanza kuchora mto kwa kijiti. "Hapa ni daraja ya mbao. Sasa kwa mama Akinyi ni wapi?" Mama Akinyi akachukua kijiti akamsahihisha, mwingine akamsahihisha mama Akinyi, na kabla maji hayajafika mwisho wa foleni ramani ya Ngozini ilikuwa imekamilika, hadi mashimo ya choo. Mimi nilikuwa na karatasi za manila na kalamu za rangi nne. Kwenye ramani yangu lango la kiwanda lilikuwa upande usio wake.

"Madam, hapo ni ukuta," Zuhura alisema mbele za watu. "Ukiingilia hapo utavunja pua."

Walicheka wote. Mimi pia nilicheka, kwa meno.

Wiki ya pili walishampa jina la heshima la kumwita kwa mwanawe, Mama Swaleh. Mimi nina watoto watatu, na miaka yote niliyokaa Ngozini hakuna aliyeuliza hata mmoja anaitwaje. Nilikuwa Madam. Vijana wa karakana wakimwona yeye walisema, "Niaje, Mama Swaleh, leo umetubebea nini?" Wakiniona mimi walishuka kwenye mawe waliyokalia, wakanisalimu kwa Kiingereza, wakangoja nipite. Walimpelekea chapati. Nilikuwa nahesabu chapati hizo, Mungu anisamehe. Siku moja zilikuwa tano.

Halafu yakaja mahodhi. Mimi nilikuwa nimependekeza yajazwe udongo pawe uwanja wa michezo, wazo zuri nililolitoa Kawangware likasifiwa. Zuhura akaja na akina mama wanaofulia watu nguo kwa siku, wale mnaowaita mama fua. Walikuwa wakitumia mahodhi yale kufulia tangu zamani, kwa kubeba maji kwa ndoo. Walitaka mahodhi yasafishwe, yawekewe bomba na paa, basi. Mchoraji wa majengo aliruka kwenye kiti chake. Alisema hilo ndilo wazo bora alilolisikia tangu mradi uanze, na alikuwa ameyasikia yangu yote. Jioni ile nilirudi Kawangware nikamkaripia mume wangu kwa sababu ya chumvi ya mchuzi, na mchuzi nilikuwa nimepika mimi.

Nilimwonea wivu. Sitautafutia jina la adabu. Ulikuwa ukinipanda kifuani kila niliposikia wakimwita kutoka ng'ambo ya mto, nami nimesimama hapohapo na kitambulisho cha ofisi shingoni. Nilichotaka ni kitu kidogo tu, kwamba siku moja jambo litokee Ngozini na mtu aseme, mwiteni Madam.

Siku za kuhesabu zilipofika tuligawana. Zuhura na wakazi watatu walichukua upande wa Lindi, mimi na wengine watatu upande wa kiwanda. Orodha ilitakiwa ifungwe Ijumaa. Jumatano wao walikuwa wamemaliza. Walianza kuja kutusaidia bila kuombwa, Zuhura akitangulia mbele, na kila mlango alioufikia ulifunguka kabla hajabisha. Niliwaambia watu wangu wamalizie uwanjani, mimi nikaenda peke yangu safu ya nyuma ya banda la kuanikia. Nilitaka niimalize kabla yeye hajafika.

Milango ilikuwa kumi na minne. Mitano ilikuwa wazi, nikaandika. Tisa ilikuwa na kufuli kwa nje.

Nilijua. Nataka muelewe kwamba nilijua. Lakini kubisha milango tisa, kuongea kwa tundu la bati, kungoja mtu aamke, ni kazi ya saa mbili, na nilikuwa nasikia kicheko cha Zuhura nyuma ya ukuta kikikaribia. Nilichora alama ya chaki kwenye ule wa kwanza, kisha wa pili. Mmoja wa watu wangu alipoita kutoka uwanjani akitaka kujua kama nahitaji msaada, nilijibu kwa sauti, "Hapana, hizi zote ni stoo!" Nikaandika kwenye daftari: stoo, tisa.

Baada ya hapo orodha hubandikwa ukutani, kila mtu aje atafute jina lake na kulalamika kama halipo. Utaratibu huo ni mzuri sana kwa mtu anayelala usiku. Tuliibandika karibu na bomba, upande wa Lindi. Watu wa banda la kuanikia waliingilia na kutokea upande wa pili, wanaume walinzi, wake zao wakiondoka kabla ya jua kwenda kufua na kusafisha majumba ya matajiri Kilimani na kurudi giza likiingia. Hakuna hata mmoja aliyeuona ukuta ule. Siku mbili kabla orodha haijapelekwa ofisini Zuhura alinijia nikiwa nakunywa chai.

"Madam, ile laini ya nyuma. Stoo tisa?"

"Ndiyo."

"Sijawahi kuona mtu wa Ngozini ako na kitu ya kuweka stoo." Alicheka kidogo. "Si turudi jioni, mimi na wewe? Ni dakika tu."

Kama angelisema neno hilo mtu mwingine yeyote, ningekwenda. Angelisema Mzee Odera ningekimbia. Nilimwambia, "Orodha imefungwa, Zuhura. Tukianza kurudiarudia hatutamaliza." Akanitazama, akasema sawa, Madam. Nilimalizia chai yangu na ilikuwa tamu.

Wiki ya tatu baada ya orodha kupelekwa, kazi ikaanza. Tulikuwa tumekubaliana kwamba ubomoaji usifanywe na kampuni, ufanywe na vijana wa pale pale, kwa uangalifu, mabati na mbao wapewe wenyewe. Walianzia kwenye stoo, kwa kuwa stoo hazina mtu wa kuhamisha. Ilikuwa asubuhi, kama saa tatu. Tulikuwa wote pale, wazee wa kamati ya wakazi, akina mama wa mahodhi, Zuhura, mimi na daftari langu, hata bwana mmoja wa ofisini aliyekuja kupiga picha. Kijana wa kwanza akang'oa misumari ya bati la juu, akalivuta, na jua likaingia ndani ya chumba. Kikasikika kilio cha mtu.

"Wee! Wee! Kuna mtu! Mnaniua?"

Walitupa nyundo. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje, kwa hiyo mwenye chumba alitokea kwenye pengo la bati, mguu kwanza, kisha kichwa, mwanamume wa makamo aliyevaa fulana na suruali ya sare ya ulinzi. Kila mtu alimfahamu kwa sura, ingawa vijana wale hawakujua analala wapi. Alikuwa Shivachi, mlinzi wa duka moja karibu na Soko la Toi. Akasimama mbele ya watu wote akijipangusa vumbi machoni. Halafu mlango wa pili ukaanza kugongwa kutoka ndani, na wa nne, na ule wa mwisho kabisa. Walikuwa wameamka.

Umati ulisogea karibu. Kisha wakaanza wote kwa pamoja.

"Nani alihesabu hapa?"

"Si mlisema mnahesabu kila mtu?"

"Ni kutufukuza tu! Ni ujanja wa kutufukuza! Funga hii mradi!"

Wengine walishaokota nyundo zilizotupwa na hazikuwa tena za kubomolea mabati. Shivachi akainua mkono. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliniua.

"Mimi niliwasikia," alisema. "Hizo siku za kuhesabu. Kulikuwa na mama hapa nje, akasema hizi zote ni stoo. Nikafikiria anaongelea za jirani. Nikalala."

"Mama gani?"

Wanawake wenye madaftari tulikuwa wawili tu Ngozini nzima. Macho yaliniangukia mimi, yakamwendea Zuhura, yakanirudia. Nilifungua mdomo, nawaapia niliufungua, na kabla sijatoa neno Zuhura alikuwa amepanda juu ya ukingo wa hodhi.

"Skizeni. Hiyo makosa niwekeleeni mimi," alisema. "Tulikosea. Hatukubisha. Hakuna mtu anafukuzwa. Leo jioni, watu wa hii laini wakiwa wameamka, tunarudia mlango kwa mlango, na nyinyi mkishika taa. Shivachi, ndugu yangu, pole. Pole sana. Hiyo bati nitaipigilia mimi mwenyewe."

Kisha mama mmoja mzee wa mahodhi akasema, "Angalau huyu amesema," akapiga makofi. Wakamfuata wote. Walimpigia makofi.

Sasa mtanisamehe au hamtanisamehe, lakini nitaandika kilichokuwa moyoni mwangu wakati ule. Haikuwa shukrani, na haikuwa aibu pia, aibu ilikuja baadaye. Ulikuwa wivu ule ule, mkubwa kuliko siku zote. Nilisimama pale nikiwaza: hata kosa langu amelichukua, na bado wanampigia makofi. Ningesema mimi wangenipiga mawe.

Jioni tulirudia. Familia tisa, watu waliokula pale jioni ile thelathini na mmoja. Nilishika daftari, Zuhura akauliza maswali, Shivachi akashika taa akichelewa kazini kwa makusudi. Orodha ikasahihishwa, mradi ukaendelea, na familia zote tisa zina vyumba mtoni hadi leo. Mnaweza kwenda kuwaona. Kwa upande huo kazi iliisha vizuri.

Lakini mkutano wowote una ripoti yake, na ripoti ya asubuhi ile niliiandika mimi. Nilikaa mezani kwangu Kawangware, watoto wamelala, nikaandika kurasa tatu. Kwenye ukurasa wa pili niliandika sentensi moja kuhusu Zuhura. Haikuwa ya uongo. Kila neno lake lilitokea. Nilijua mtu wa ofisini ataisomaje, nikaiacha hivyo, nikatia sahihi na muhuri.

Mwisho wa mwezi mkataba wake haukurefushwa. Barua nilipewa mimi nimpelekee. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwao, akaikunja mara mbili. "Sawa, Madam," alisema. "Salimia watu wa mto." Hakuuliza kitu, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Daraja lilifunguliwa bila yeye. Nilisimama karibu na mgeni wa heshima, nimevaa gauni jipya, na hakukuwa na mtu wa kunifunika tena. Akina mama wa mahodhi walikuja kunishika mkono mmoja mmoja, na kila mmoja aliniuliza swali lilelile: "Mama Swaleh ako wapi?" Nikasema amepata kazi mahali pengine. Miaka iliyofuata bomba likipasuka, au wapangaji wakigombana na wenye nyumba, nilikuwa wa kwanza kufika, na nilikuta tayari wametuma mtu Makina kumwuliza Zuhura wafanye nini. Mara nyingi alikuwa ameshawajibu. Nilichobaki nacho ni kutia muhuri.

Mengine ya kazi mtayasoma kwenye mafaili. Mtakuta nimefanya vizuri, na kweli nilifanya vizuri. Sikupita tena kufuli bila kubisha. Wale niliowafunza kati yenu wanakumbuka nilivyokuwa mkali kwa hilo, na waliniona kama mwanamke mwenye msimamo.

Mwezi uliopita mliniaga kwa keki na hotuba. Mkurugenzi alisema kwamba kama si mimi Ngozini isingekuwapo, mkapiga makofi. Nilikuwa nimeyangoja makofi hayo tangu ujana. Nilikaa nayo siku mbili nyumbani. Siku ya tatu nikapanda kwenda Makina.

Zuhura alikuwa amekaa kibarazani nyuma ya msikiti, anasuka kawa za kufunikia chakula, za rangi nyingi, kazi aliyojifunza kwa mama yake na ambayo sasa inamlisha. Amenenepa. Alinikaribisha, akaniletea chai, akaniuliza habari za watoto wangu watatu, kila mmoja kwa jina lake. Sikujua aliyajua lini majina hayo. Wapita njia walimsalimu wakati wote tulipokuwa tumekaa na ilibidi ningoje mwanya.

"Zuhura," nikasema, "ile laini ya nyuma niliihesabu mimi. Ile sauti ilikuwa yangu."

"Najua, Madam. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nilikusikia." Hakuacha kusuka.

"Sasa kwa nini ulisimama?"

"Wangekupiga. Na wewe ndiye ulikuwa na muhuri. Wangekufukuza siku hiyo, mradi ingekufa, na wale watu tisa wangekosa." Alivuta uzi akaukaza kwa meno. "Mimi sikuogopa. Nilijua ripoti unaandika wewe. Nikasema, huyu amenifundisha kazi, yeye anajua vile ilienda, ataniandikia vizuri."

Niliweka kikombe chini. Aliniangalia, na polepole mikono yake ikaacha kusuka. Ndipo nilipoelewa kwamba kwa miaka yote ile alidhani mkataba uliisha tu kama mikataba inavyoisha. Hakuwa ameiona ripoti. Nani angemwonyesha?

"Kwani uliandika nini?" akaniuliza.

Ningeweza kusema sikumbuki. Nilikuwa mtu wa makamo nilipoiandika sentensi ile na sasa ni mzee, angeniamini. Lakini naijua kwa moyo. Nilimwambia: "Bi. Zuhura, mfanyakazi wa muda, alikiri mbele ya wakazi kwamba milango tisa iliachwa kwa uzembe wake."

Mtu alipita akamsalimu. Hakumwitikia. Akaniambia niseme tena, polepole, nami nikasema tena.